Ada ya daktari haihesabiwi kwenye kizingiti cha bima

Mwishoni mwa mwaka 2025, muda wa kuchagua bima ya afya ya mwaka uliofuata ulipokaribia kwisha, nilikaa mezani na karatasi tatu. Mbili zilikuwa za bima, na ya tatu ilikuwa mkataba wa kliniki ya daktari wa familia ambaye hapokei bima yoyote, bali humtoza kila mwanachama ada ya mwezi. Mimi ni mkalimani niliyejiajiri hapa Marekani, sina mwajiri wa kunichangia, na kila senti ya bima yangu hutoka mfukoni mwangu. Rafiki aliyenidokeza habari za kliniki hiyo aliniuliza, "Dola 80 kwa mwezi za daktari na dola 520 kwa mwezi za bima, unataka hesabu gani tena?"

Nilitamani mambo yawe mepesi hivyo. Tatizo ni kwamba ada hizo mbili hazinunui kitu kimoja. Ada ya uanachama, ambayo katika kliniki nyingi za aina hii huwa kati ya dola 50 na 150 kwa mtu mzima, inanunua muda wa daktari mmoja: kumwona unapoumwa, kumpigia simu, kufuatiliwa shinikizo la damu au kisukari, kushonwa kidonda kidogo. Siku ukivunjika nyonga au ukigundulika na saratani, mkataba huo unaishia kwenye barua ya rufaa. Majimbo mengi yameandika wazi katika sheria zao kwamba uanachama wa namna hii si bima, na anayeishi California, Massachusetts, New Jersey au Rhode Island akaacha bima kwa kutegemea uanachama pekee anaweza kutozwa adhabu anapowasilisha hesabu za kodi.

Kwa hiyo wasiotaka kubahatisha hununua vyote viwili: uanachama kwa mambo ya kila siku, na bima ya bei nafuu yenye kizingiti kirefu kwa majanga. Kizingiti ninachokisema ni kile kiasi ambacho mgonjwa hulipa mwenyewe kila mwaka kabla kampuni ya bima haijaanza kutoa fedha zake. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu ada ya uanachama kwa kawaida haihesabiwi kwenye kizingiti hicho. Unaweza kumlipa daktari wako dola 960 kwa mwaka, na Desemba ikafika kampuni ya bima ikiendelea kukuona kama mtu ambaye hajatumia hata dola moja kwa matibabu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Bima ya kwanza ilitaka dola 520 kwa mwezi, kizingiti chake kilikuwa dola 1,500, baada ya hapo ningechangia asilimia 20 ya kila gharama, na ukomo wa malipo yangu kwa mwaka, mbali na ada, ulikuwa dola 6,000. Bima ya pili ilitaka dola 365 kwa mwezi, kizingiti dola 7,500 na ukomo dola 9,000. Nilipojumlisha bima ya pili na uanachama wa dola 80 nilipata dola 5,340 kwa mwaka, wakati bima ya kwanza peke yake ilifika dola 6,240. Katika mwaka wa utulivu, basi, ningebakiwa na dola 900. Katika mwaka wa balaa, pale matibabu yanapofika kwenye ukomo, bima ya kwanza ingenigharimu dola 12,240 na ule mchanganyiko dola 14,340. Mwaka mmoja mbaya ungemeza akiba ya miaka miwili mizuri na sehemu ya wa tatu.

Miaka mingi, lakini, si ya utulivu kamili wala ya balaa. Ni miaka ya goti linalohitaji kupigwa picha, au ya daktari bingwa wa moyo anayetaka kukuona mara mbili. Nilitafuta kiwango cha matumizi ambapo njia hizo mbili zinalingana, nikakipata kwenye takriban dola 2,600 za matibabu nje ya kliniki ya uanachama. Chini ya hapo mchanganyiko ni nafuu. Juu ya hapo bima ya kwanza inaanza kulipa fadhila. (Bima ya kwanza ilikuwa pia na dola 35 za kulipa mapokezini kila unapomwona daktari, kwa hiyo mtu wa kwenda mara nyingi atausogeza mstari huo juu kidogo.) Namba za msomaji zitakuwa nyingine kulingana na umri, jimbo na kipato chake, na mwenye ruzuku ya serikali kwenye ada ya bima huenda akapata jibu tofauti kabisa. Njia ya kuutafuta mstari huo ni ileile.

Kuna jambo ambalo hesabu hiyo haikulionyesha. Mwaka 2024, nikiwa na bima ya kawaida, nilikwenda kliniki kwa kikohozi kilichogoma kupona. Daktari alikaa nami dakika zisizozidi kumi. Wiki sita baadaye ilikuja barua yenye safu tatu: iliyotozwa, dola 248, punguzo la makubaliano na bima, dola 101, unachodaiwa, dola 147. Kwa kuwa sikuwa nimefikia kizingiti, nililipa yote. Kilichoniudhi hakikuwa ukubwa wa fedha. Mapokezini niliuliza bei mara mbili, na hakuna aliyeweza kunitajia.

Daktari wa uanachama alinipima shinikizo la damu mikono yote miwili, akasubiri, akapima tena, kisha akaniuliza ninalala saa ngapi. Tulikaa karibu dakika arobaini. Mwishoni alifungua kabati lililo nyuma yake, akahesabu vidonge 90 vya lisinopril, dawa ya shinikizo la damu, na kunitoza dola 7, kwa kuwa kliniki hununua dawa kwa bei ya jumla na jimbo ninaloishi linaruhusu daktari kumpa mgonjwa dawa moja kwa moja. Bei za vipimo vya maabara zilikuwa zimebandikwa ukutani. Sitadai kwamba hilo lina thamani ya dola 960 kwa kila mtu. Kwa mwenye ugonjwa wa kufuatiliwa kila mwezi, kama mimi, lina thamani. Kwa kijana anayeumwa mafua mara moja kwa mwaka, nina shaka.

Shaka hiyo inazidi ninaposoma matangazo yanayotaja uchunguzi wa kila mwaka kama faida kuu ya uanachama. Sheria ya afya iliyosainiwa mwaka 2010 inazitaka bima karibu zote kulipia chanjo, kipimo cha saratani ya matiti, kipimo cha utumbo mpana na huduma nyingine za kinga bila mgonjwa kuchangia, hata kabla ya kizingiti kufikiwa. Anayejiunga kwa sababu hiyo pekee analipia mara mbili kitu ambacho tayari ni chake. Kuna pia huduma, One Medical ikiwa mojawapo, zinazotoza ada ya uanachama na bado kudai bima kwa kila ziara. Hizo ni biashara nyingine, na hesabu yangu haizihusu.

Kilichonisukuma hatimaye ni mabadiliko ya kodi. Hadi mwaka 2025, uanachama ulimkosesha mtu haki ya kuchangia akaunti ya akiba ya matibabu, ile isiyokatwa kodi, kwa kuwa mamlaka ya kodi iliuhesabu kama kinga nyingine ya afya. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliondoa kikwazo hicho kuanzia Januari 2026, mradi ada isizidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja au dola 300 kwa familia, na ada yenyewe sasa inaweza kulipwa kutoka kwenye akaunti hiyo. Nilichagua mchanganyiko, na zile dola 900 naziweka humo, kwa sababu nikizitumia kwa mengine nitakuwa nimejidanganya: zimetengwa kwa ajili ya ule mwaka mbaya.

Mke wangu hakujiunga, nami sikumbembeleza. Yeye ana bima ya kazini. Kwa mujibu wa uchunguzi wa KFF, taasisi ya utafiti wa sera za afya, wa mwaka 2024, bima ya mfanyakazi mmoja iligharimu wastani wa dola 8,951 kwa mwaka, na katika hizo mfanyakazi alikatwa dola 1,368 tu. Makato yake yanakaribia hapo, na kizingiti chake ni kifupi. Ada ya uanachama kwake ingekuwa dola 960 juu ya kile anacholipa sasa, bila kupunguza chochote, na alinionyesha hesabu hiyo nyuma ya bahasha kabla sijamaliza kueleza yangu.