Wanafunzi wa Nashville walijiandaa jamani

Watu wengi wakisikia maandamano ya amani wanadhani ni watu wapole tu wameamua kukaa kimya, mi hapo huwa nakataa kabisa. Waangalie wanafunzi weusi wa Nashville kule Marekani mwaka 1960. Kabla hawajaenda kukaa kwenye kaunta za chakula za madukani, ambako wazungu tu ndo waliruhusiwa kukaa na kula, walifanya mazoezi miezi kadhaa, mwalimu wao alikuwa James Lawson aliyejifunza mbinu za Gandhi India kwenyewe, akawa anawapanga wengine waigize wazungu wenye hasira, wanawatukana wenzao, wanawasukuma, na wewe unatakiwa ukae hapohapo usirudishe ngumi. Yaani hiyo ni kazi, tena ngumu kuliko kupigana!

Na kweli walipoenda walipigwa, halafu polisi wakawakamata wao waliopigwa. Inaniuma sana kila nikisoma. Wengi wakakataa kulipa faini wakachagua jela, na familia za weusi zikagoma kununua kwenye maduka ya katikati ya mji, mi naona hapo ndo wenye maduka walianza kusikia maana hela ilikuwa inapotea.

Tarehe 19 Aprili nyumba ya wakili wao, Z. Alexander Looby, ikalipuliwa. Siku hiyohiyo maelfu wakatembea kimyakimya mpaka kwa meya Ben West, na Diane Nash, mmoja wa viongozi wa wanafunzi, binti wa miaka 21 tu, akamuuliza mbele ya umati kama ubaguzi ule ni sawa. Meya akakiri sio sawa. Mei 10 maduka sita yakaanza kuwahudumia weusi kwenye kaunta zake.