Skana Moja, Kompyuta Tatu

Jumamosi, usiku

Shemeji yangu ana steshenari hapa Morogoro, na leo kaniuliza swali ambalo sitaki lipite bila kuliandika. Duka lina kompyuta tatu, zote zinatumia mfumo endeshi wa Linux, na skana moja tu, Canon LiDE ya zamani, imechomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya kaunta. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu foleni haikatiki. Vijana wanakuja na vyeti vya kidato cha nne na cha sita, vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa na RITA, fomu zenye mihuri, vyote vinatakiwa vipandishwe mtandaoni. Kompyuta ya kaunta inaelemewa, zile mbili nyingine haziwezi kuisaidia.

"Shemeji," akaniambia, "printa tunaitumia kutoka mashine yoyote. Skana ina nini?"

Ni swali la haki kabisa. Upande wa printa, CUPS, programu inayosimamia uchapaji kwenye Linux, ilishamaliza kazi: unaweka tiki kwenye kisanduku cha kushiriki printa, nayo inajitangaza kwenye mtandao wa duka, na kompyuta nyingine zinaiona zenyewe. Hakuna anayeulizwa anwani ya kitu chochote.

Kinachoniuma ni kwamba skana nayo ina uwezo huo, tena si wa jana. SANE, ambayo ndiyo inayobeba kazi ya kuskani kwenye Linux tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ilijengwa kwa wazo ninaloliheshimu sana: programu anayoiona mtumiaji isijue chochote kuhusu dereva, yaani programu ndogo inayoongea na skana. Viwili hivyo vikishatenganishwa, katikati yake unaweza kupitisha hata mtandao. Programu ndogo inayoitwa saned inakaa kwenye kompyuta yenye skana, inapokea maombi ya kompyuta nyingine, na aliye kompyuta ya tatu anaskani kana kwamba waya wa USB umefika kwake.

Lakini angalia njia ya kufika huko. Kwenye kompyuta ya kaunta unafungua saned.conf, faili la mipangilio ya saned, na kuandika anwani za mashine zinazoruhusiwa, kisha unaiwasha saned. Kwenye kila kompyuta nyingine unahakikisha neno "net" ndani ya faili la dll.conf halina alama ya reli (#) mbele yake, maana alama hiyo hulizima, halafu unaandika anwani ya kaunta ndani ya faili la net.conf. Ruta ikiipa kaunta anwani mpya kesho yake, skana imepotea, kwa hiyo inabidi uifunge anwani hiyo isibadilike. Mtumiaji wa ndani ambaye saned inaendeshwa kwa jina lake naye lazima awe na ruhusa ya kukigusa kifaa.

Kisha unakutana na fayawoli, mlinzi anayezuia maombi ya mtandao kuingia kwenye kompyuta. Unafungua poti 6566, yaani mlango wa mtandao ambao saned husikilizia, jina la skana linajitokeza kwenye orodha, roho inatulia. Unabonyeza kitufe cha kuskani, kimya. Sababu ni kwamba 6566 ni poti ya mazungumzo tu; picha yenyewe inapita kwenye poti nyingine, ambayo huwezi kuijua mapema mpaka uweke mstari wa data_portrange kwenye saned.conf na kuzifungua poti hizo pia. Hapa ndipo nimeona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakikata tamaa na kurudi kubeba flashi kutoka mashine hadi mashine.

Na programu iliyo mbele ya macho haiwasaidii. Simple Scan, kazi ya Robert Ancell iliyoingia Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, mwaka 2010, ni programu ya kuskani ninayoipenda kwa dhati. Kabla yake wengi wetu tulikuwa na XSane, yenye madirisha kadhaa na vitelezi vya gama, yaani vya kurekebisha mwanga wa picha, wakati mtu anataka cheti chake tu kiwe PDF. Simple Scan ilimpa kitufe kimoja. Ila skana ikikosekana, inasema haijaona skana, hakikisha imechomekwa na kuwashwa. Shemeji akainama kukagua waya. Waya ulikuwa mzima. Tatizo lilikuwa fayawoli, na ujumbe ule ulimpeleka chini ya meza. Chini kabisa SANE inazo namna tofauti za kueleza kosa: ruhusa imekataliwa, kifaa kinatumika na mwingine. Lakini orodha ya skana ikirudi tupu, sababu hairudi nayo.

Mwaka 2001 Sun Microsystems waliwaketisha watu mbele ya GNOME, mazingira ya madirisha na menyu yanayotumika kwenye Linux, wakawatazama wanavyohangaika, na mwaka uliofuata GNOME wakatoa mwongozo wao wa kubuni violesura. Natamani siku moja wabunifu wakae nusu siku nyuma ya kaunta ya steshenari, wakati wa foleni.

Kuna hatua kubwa imepigwa, lazima niseme. Tangu Debian 11, toleo jingine la Linux, la mwaka 2021, skana nyingi mpya za mtandao zinaonekana bila kusakinisha dereva, kwa itifaki ya eSCL, yaani lugha ya pamoja ya kuskani kupitia mtandao, na programu ya sane-airscan. Mashine inajitangaza, kompyuta inaisikia, kazi inaendelea. Ila hiyo ni neema ya mwenye mashine mpya. Mtaani kwetu skana ni za USB, nazo bado zinafanya kazi vizuri.

Kwa hizo kuna AirSane, inayoichukua skana yoyote inayofahamika na SANE na kuitangaza kwa eSCL. Leo nimeijenga kutoka kwenye msimbo wake na kuiweka kaunta. Zile kompyuta mbili zimeiona ile LiDE bila kuandikiwa anwani, na simu ya shemeji imeskani cheti kupitia kivinjari. Amefurahi. Mimi nimefurahi nusu, kwa sababu kujenga programu kutoka kwenye msimbo si kazi ya kumwachia mwenye duka.

Ninachokitaka ni swichi moja kwenye dirisha la mipangilio, pale pale zilipo printa: shiriki skana hii. YaST, programu ya mipangilio ya openSUSE, toleo jingine la Linux, ilishakuwa na ukurasa wa kuskani kupitia mtandao, basi si ndoto. Swichi ifungue poti zote zinazohitajika, iitangaze skana, na ikizimwa ifunge kila kitu. Na isishiriki na kila mtu. Saned haizifichi picha kwa usimbaji inapozisafirisha, na wateja wakipewa Wi-Fi ya duka ile ile, mwenye ujuzi kidogo anaweza kuvuta kitambulisho cha mtu kilichosahaulika kwenye kioo. Nimetenganisha mtandao wa wateja kabla sijaondoka.

Kesho nitawaandikia watunzaji wa Simple Scan. Nitaanza na ule ujumbe wa skana kutoonekana, na pendekezo langu ni kwamba usiishie kwenye waya: umwambie mtumiaji pia kama kuna seva iliyoandikwa kwenye net.conf na haijibu, na anwani yake ni ipi.