Kipindi Kimoja cha Tarehe 27 Agosti

Kwa miaka mitatu nilisimamia "Siku kama ya leo" pale mstarini. Mwanafunzi anasimama mbele, anasoma matukio sita saba ya tarehe ile, anarudi kwenye mstari. Saa nne wakati wa uji ukiwauliza, hakuna anayekumbuka hata moja. Iliniuma.

Ilipokaribia tarehe 27 Agosti, ubao ulikuwa umeshajaa. Volkano ya Krakatoa ililipuka 1883, mlio wake ukasikika hadi kisiwa cha Rodrigues, huku huku kwenye Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800. Haile Selassie alifariki Addis Ababa 1975. Katikati yake, 1896, vita vya Waingereza na Sultani wa Zanzibar. Nikayafuta mengine yote, nikabaki na vita.

Juu niliandika: "Saa 9:00, muda wa mwisho waliotoa Waingereza." Binti mmoja wa Kidato cha Pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, ni saa tisa mchana?" Ndipo nilipogundua kwamba nimenakili saa za Kizungu bila kuzigeuza. Nikafuta, nikaandika saa 3:00 asubuhi. Nikatazama ratiba: kesho yake kipindi chetu kilianzia saa 3:00 na kuishia 3:40. Vita vile huhesabiwa kuwa vilichukua dakika 38 hivi, wengine wanafikisha 45. Kipindi kimoja!

Basi siku ile sikufundisha; tuliifuata saa ya ukutani. Saa 3:00 msichana alisoma karatasi yake: Khalid bin Barghash, aliyeingia kasri siku mbili nyuma baada ya Sultani Hamad bin Thuwaini kufariki, amekataa kutoka. Saa 3:02 manowari za Waingereza zikaanza kupiga mizinga. Mwingine akasoma kuhusu Glasgow, meli ya Sultani, iliyozamishwa pale pale bandarini. Kisha tukanyamaza, maana nilitaka wausikie urefu wa dakika kumi. Darasa la watoto hamsini, feni tu inazunguka. Aliyesoma idadi ya watu alisoma polepole: takriban 500 upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa, upande wa Waingereza, baharia mmoja alijeruhiwa.

Kengele ilipogongwa hakuna aliyefunga daftari. "Khalid alikwenda wapi?" Alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, nikawaambia, wakamvusha hadi hapa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata 1916, wakampeleka uhamishoni, na alifariki Mombasa 1927. Walizungumza juu ya hilo hadi mwalimu wa Hisabati alipoingia.

Tangu hapo mstarini husomwa tukio moja tu, pamoja na saa yake. Zamu iliyofuata aliichukua yule binti. Aliniletea karatasi yake mapema niipitie, na pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "saa ya kwetu, nimeshageuza."