Umeng'olewa gego la mwisho na kushonwa?

Ule mkunjo wa shashi (kitambaa chepesi cha kuzuia damu) uliowekewa juu ya shimo la jino ung'ate dakika 30 hadi 45, bila kuuchungulia kila mara. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara. Najua joto hili la Dar linamtamanisha mtu dafu, lakini mrija hapana, jamani! Mimina kwenye kikombe. Kufyonza kunaweza kung'oa donge la damu lililoziba shimo. Mfupa ukibaki wazi, maumivu makali huanza siku ya pili hadi ya nne, yanapanda mpaka sikioni na mdomo unanuka. Hapo rudi kwa daktari alisafishe shimo, usijiongezee dozi nyumbani.

Barafu iviringishe kitambaani: dakika 15 shavuni, 15 pumzika. Uvimbe kuzidi siku ya pili au ya tatu ni kawaida.

Baada ya saa 24, sukutua polepole kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, kila ukimaliza kula. Inamisha kichwa taratibu, maji yadondoke yenyewe. Mtori uwe umepoa, bila pilipili.

Nyuzi usizichezee kwa ulimi. Uliza kabla hujaondoka: zinayeyuka, au ni za kutolewa, kwa kawaida siku ya 7 hivi? Ukiona usaha, homa au damu isiyokoma, nenda siku hiyohiyo.