Vizibo vya soda na mtoto "asiyetulia"

Mwanangu alipokuwa darasa la nne niliitwa shuleni mara tatu ndani ya muhula mmoja. Kosa lilikuwa lile lile: anamaliza hesabu mapema, kisha anawasumbua wenzake. Mara ya tatu mwalimu akaniambia, "Mama, huyu mtoto hatulii." Nilirudi nyumbani nimefadhaika, nikamkuta amepanga vizibo vya soda sakafuni.

Alianza na kizibo kimoja. Akaongeza vitatu, ubavuni na chini, ukatokea mraba wa vinne. Akaongeza vitano, vikawa tisa. Saba, vikawa kumi na sita. "Mama, ukiongeza namba witiri kwa kufuatana, mraba hauharibiki." Hakuna aliyemfundisha.

Kesho yake nilinunua daftari dogo. Kwa wiki sita niliandika kila alichouliza na alichogundua, pamoja na tarehe. Neno kipaji sikuliandika popote. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani ukimwanzia na sifa za mwanao, mazungumzo yanaishia hapo. Nilimpelekea daftari baada ya vipindi, akasoma kimya mpaka ukurasa wa vizibo, akachukua chaki akajaribu mwenyewe ubaoni. Ombi langu lilikuwa moja tu: akimaliza kazi yake, apewe swali gumu zaidi. Wiki hiyo hiyo akampa kitabu cha hisabati cha darasa la sita. Sikuitwa tena.

Yakaja matokeo ya darasa la saba. Kwetu Tanzania, mtihani huo ndio unaoamua nani ana kipaji: wenye alama za juu kabisa hupangwa sekondari za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala au Msalato. Tunaishi Morogoro, kwa hiyo yeye alishaiona Mzumbe kama yake. Hisabati alipata A, masomo mengine hayakufika huko, akapangwa shule ya kata, sekondari ya kawaida.

"Kumbe sina kipaji," alisema, na vile vizibo akavirudisha kwenye kopo la maziwa, akalisukuma uvunguni.

Iliniuma kuliko zile safari tatu za shuleni. Nilimwambia ukweli kama ninavyouamini: sehemu kubwa ya mtihani ule ni kuchagua jibu, na haukumuuliza habari za vizibo. Hakuniamini, mimi ni mama yake. Nikamwita binti wa dada yangu, aliyesoma mojawapo ya shule hizo. Akamsimulia alivyolia muhula wa kwanza, yeye aliyezoea kuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza, alipojikuta katikati ya orodha. Kilichomjenga kule, alisema, ni kupata wenzake wa kubishana nao hesabu hadi taa zinazimwa.

Basi hao wenzake ndio nikaanza kuwatafuta. Mwalimu wa hisabati wa shule ya kata alinitajia watoto wawili, na sasa kila Jumamosi wanakaa barazani kwangu na ubao wa plaiwudi. Mmoja ni msichana anayeuza maandazi asubuhi kabla ya kuja, na ndiye anayewasumbua wote.

Kopo lilitoka uvunguni mwezi wa pili. Jumamosi iliyopita walinifuata jikoni wote watatu: "Mama, namba za mchemraba: moja, nane na ishirini na saba, jumla thelathini na sita. Sita mara sita! Ngoja tuongeze sitini na nne."