Kunoa deki kwa macho ya wachezaji wengine

Mwonyeshe mchezaji mwenzako orodha ya kadi za deki yako, yaani rundo unaloingia nalo mchezoni, umwulize "unaionaje?", naye atakujibu kwa kadi anazozipenda yeye. Huwezi kumlaumu. Umempa majina matupu, akayajaza mawazo yake. Orodha ileile ya kadi 60 za mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering inaweza kuchezwa kwa kasi ili mchezo uishe zamu ya nne, au kwa subira hadi zamu ya nane, na ushauri unaoiponya ya kwanza huiua ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba maoni, andika mistari michache juu ya orodha. Taja mfumo wa mashindano unaochezea. Eleza kwa sentensi moja deki inashindaje na unatarajia imalize zamu ya ngapi. Taja deki mbili au tatu unazokutana nazo mara nyingi. Kisha sema kisichobadilika: kadi ambazo huna na hutanunua. Hili la mwisho watu hulionea haya, na matokeo yake ni nusu ya ushauri kuhusu kadi zisizopatikana.

Orodha yenyewe ipange kwa kazi, usiipange kwa alfabeti wala kwa rangi. Weka pamoja kadi za kuanzia, za kuvuta na kutafuta, za kumzuia mpinzani, za kumalizia, halafu vyanzo vya mana au nishati, ile nguvu ya kulipia kadi. Andika jumla ya kila kundi. Mtu akiona kadi za kumalizia ni 14 na za kuvuta ni 4, mazungumzo yanaanzia palepale, na mara nyingi wewe mwenyewe unaliona tatizo kabla hajafungua mdomo.

Kitu cha pili cha kumpa ni kumbukumbu za michezo. Ushindi na kushindwa peke yake havisemi mengi. Kwa kila mchezo andika nani alianza, ulirudisha mkono (kadi za kuanzia) mara ngapi ili uvute mwingine, na kadi zipi zilibaki mkononi mchezo ulipoisha. Safu hiyo ya kadi zilizolala ndiyo yenye mali, ilimradi uandike pia kwa nini zililala, maana sababu ni tatu na hazitibiwi kwa namna moja.

Kadi inaweza kulala kwa kukosa mana ya kuilipia. Hapo kosa huenda liko kwenye ardhi (kadi zinazotoa mana), au kwenye wingi wa kadi ghali, na kadi yenyewe haina hatia. Inaweza kulala kwa sababu haina cha kulenga: umeshika kadi tatu za kuua viumbe mbele ya mpinzani asiyecheza viumbe. Hilo ni suala la wapinzani unaokutana nao, na dawa yake iko kwenye kadi za pembeni, akiba ya kubadilishia baada ya mchezo wa kwanza. Au inalala kwa sababu ulikuwa umeshazidiwa, na kadi hiyo hufanya kazi tu ukiwa mbele. Hii ya tatu ni hatari kuliko zote, kwa kuwa kadi za aina hiyo hung'aa sana siku unaposhinda. Wachezaji huzikumbuka kwa siku hizo, wakasahau michezo zilipokaa tu mkononi. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Mshauri bora ni yule aliyekaa upande wa pili wa meza, na wakati wa kumwuliza ni mara tu mchezo unapoisha, kadi zikiwa bado mezani. Mwulize alijua zamu ipi kwamba ameshinda, au ameshindwa. Mwulize aliogopa uwe na kadi gani. Na muhimu zaidi, mwulize alishika nini ambacho hakikumfaa kitu. Jibu la swali hilo huwezi kulipata kwingine kokote. Ikiwa kila mpinzani anamaliza na kadi mbili tatu za kuua viumbe zisizo na kazi, deki yako inapata faida kubwa kwa kuwa na viumbe wachache, na yule anayekushauri uongeze viumbe wakubwa anakutaka uwape wapinzani wako kazi ya kufanya.

Jaribu pia kubadilishana deki. Mpe yeye yako, wewe ucheze yake. Akishinda na deki yako katika mapambano ambayo wewe hushindwa, orodha iache kwanza. Tazama anavyoicheza, hasa mikono anayoikataa. Wengi wanashika mikono dhaifu kwa kuogopa kupoteza kadi moja wakiirudisha, kisha wanailaumu deki.

Sasa maoni yakija, yatagongana. Mmoja atasema ongeza ardhi mbili. Wa pili atasema punguza kadi zinazogharimu mana tano. Wa tatu atasema huna kadi za kuvuta za kutosha. Ukisikiliza juujuu utadhani hawakubaliani, kumbe wote wamekuona ukikwama zamu ya tatu. Palipo na tatizo watu wengi hupaona sawasawa. Dawa ndiyo kila mtu hutoa ya mfukoni mwake. Chukua mahali walipokutana, dawa uitafute mwenyewe kwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kuna vikokotoo vingi vya bure mtandaoni. Tafuta vya mgawanyo wa haipajiometri, yaani hesabu ya nafasi ya kupata kadi fulani unapovuta bila kurudisha. Katika deki ya kadi 60 yenye ardhi 24, mkono wa kadi 7 hukupa ardhi moja au sifuri kwa asilimia 14.3. Punguza hadi 22, inakuwa asilimia 19. Ukishuka hadi 20 ni asilimia 24.7, yaani karibu mkono mmoja kati ya minne. Deki ya kadi nyepesi inaweza kustahimili hiyo 20. Deki inayotaka mana nne zamu ya nne haiwezi, hata marafiki wakisema "ina ardhi nyingi mno" kwa sababu walikuona umefurika ardhi mara mbili jioni moja.

Rangi nazo zihesabu kando. Kama una kadi ya mana moja nyekundu unayotaka kuicheza zamu ya kwanza, vyanzo 9 vya rangi hiyo vitakupa angalau kimoja katika mkono wa kwanza kwa asilimia 70 tu. Vyanzo 14 vinakupa asilimia 86. Deki nyingi za rangi mbili zinazosemwa "zina bahati mbaya" zina tatizo hili hili.

Idadi ya nakala ina hesabu yake pia. Katika kadi 60, nakala 4 zinakupa angalau moja kwenye kadi 7 za kwanza kwa asilimia 39.9, nakala 3 ni 31.5, nakala 2 ni 22.1, na nakala moja ni 11.7. Kadi ambayo mpango mzima unaitegemea na unaitaka mapema, weka 4. Ile unayoitaka lakini ya pili ikija inakuwa mzigo, weka 3 au 2. Nakala moja ina maana pale tu unapokuwa na njia ya kuitafuta ndani ya deki.

Wachezaji wa kadi za Pokémon wana matatizo mawili ya ziada. La kwanza ni Pokémon wa msingi, ambao bila hata mmoja huwezi kuanza mchezo: ukiwa nao 8 tu katika kadi 60, mkono wa kwanza hautakuwa na hata mmoja kwa asilimia 34.6, wakiwa 12 inashuka hadi 19. Kila unaporudisha mkono kwa sababu hiyo, mpinzani ana haki ya kuvuta kadi moja zaidi. La pili ni kadi 6 za zawadi, zinazowekwa kando zimefunikwa mchezo unapoanza. Kadi yenye nakala moja imefungiwa humo takriban mara moja katika michezo kumi, kwa hiyo mtu akikushauri nakala moja ya kitu ambacho bila hicho deki haishindi, mwambie akupe na mpango wa mchezo ule wa kumi.

Katika Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi, deki kuu ni kadi 40 hadi 60, na mwanya huo huwapoteza watu. Kila mshauri anaongeza kadi moja "haidhuru", mara deki imefika 43. Nakala 3 katika kadi 40 zinakupa angalau moja katika mkono wa kadi 5 kwa asilimia 33.8; kwenye 43 ni 31.6, kwenye 60 ni 23.3. Tofauti ya 40 na 43 ni ndogo, nakubali, lakini inazigusa kadi zako zote nzuri kwa mpigo, na umelipa ili kupata kadi ya arobaini na tatu kwa ubora. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Anayesema ongeza, mwulize atoe ipi. Akishindwa kujibu, shukuru na uendelee.

Baada ya hesabu yanakuja majaribio, na hapa ndipo subira huwaishia wengi. Kubadilisha kadi nane kwa mara moja, ukashinda, ukasema dawa imefanya kazi, ni kujidanganya: hujui ni ipi kati ya nane. Tena michezo kumi ni michache mno. Deki iliyo sawa kabisa na mpinzani wake, nusu kwa nusu, itapata ushindi 6 au zaidi katika 10 kwa asilimia 37.7, na 7 au zaidi kwa asilimia 17.2. Hiyo ni bahati tupu. Usitarajie kuona tofauti ya nakala ya nne na ya tatu kwenye matokeo.

Njia ninayoipendelea ni kulijaribu swali lenyewe badala ya matokeo. Chukua kipande cha karatasi, andika majina ya kadi mbili zinazogombea nafasi moja, kiingize kwenye kifuko cha kulinda kadi, mbele ya kadi yoyote usiyoitumia. Ukiivuta wakati wa mchezo, chagua papo hapo ungetaka iwe ipi, uicheze hivyo, na uandike. Baada ya kuivuta mara ishirini unajua mengi kuliko michezo mia ya kubahatisha. Tahadhari moja: kadi yenye chaguo mbili daima ni bora kuliko kila moja ikiwa peke yake, kwa hiyo usihesabu ushindi wa michezo hiyo. Hesabu chaguo tu, na kama chaguo lako hubadilika kulingana na mpinzani, kadi moja inaenda deki kuu na nyingine pembeni. Karatasi hizi ni za mazoezi. Mashindano rasmi hayazikubali.

Kadi za pembeni ndizo zinazoombewa maoni kidogo kuliko zote, na sijui kwa nini. Magic na Yu-Gi-Oh! zote zinaruhusu hadi 15. Katika mechi ya ushindi mara mbili, ukicheza michezo miwili, mmoja ni wa baada ya kubadilisha. Ukicheza mitatu, miwili ni ya baada ya kubadilisha. Kwa hiyo angalau nusu ya michezo yako ya mashindano inachezwa na deki ambayo hukuifanyia mazoezi. Mwombe mwenzako mruke mchezo wa kwanza kabisa, muanze na wa pili, kila mmoja akiwa ameshabadilisha.

Kosa la kawaida hapo ni kuwa na kadi 8 za kuingiza dhidi ya deki fulani na kadi 4 tu zinazostahili kutoka. Unaanza kung'oa mifupa ya deki yako, na unaishia na rundo la majibu lisilo na njia ya kushinda. Andika jedwali: jina la mpinzani, zinazoingia, zinazotoka, na jumla zilingane. Yu-Gi-Oh! inakulazimisha ubadilishane moja kwa moja. Magic hailazimishi, ila kuvuka 60 kunakurudisha kwenye tatizo lile la 43. Jedwali likikataa kulingana, punguza zile 8 na uwape nafasi wapinzani wengine. Halafu mwonyeshe jedwali mtu anayeicheza deki hiyo pinzani. Yeye atakwambia kwamba kadi unayoingiza kwa mbwembwe huwa anaitoa shabaha yake baada ya mchezo wa kwanza, na kwamba ile unayoitoa ndiyo iliyokuwa ikimsumbua.

Siku tatu kabla ya mashindano, funga mlango wa maoni. Mabadiliko ya usiku wa mwisho hayana muda wa kujaribiwa, na ndiyo yanayoleta orodha isiyolingana na kadi zilizomo kwenye kasha, kosa linaloweza kukugharimu mchezo mzima. Hesabu kadi mbele ya orodha iliyoandikwa, moja moja, kuu na za pembeni. Kagua vifuko pia: kadi ulizozibadilisha mara nyingi wakati wa mazoezi huwa na vifuko vipya kuliko nyingine, na tofauti hiyo mwamuzi anaweza kuichukua kuwa alama ya kuzitambua kadi kwa nyuma. Ukiona mbili tatu zinang'aa zaidi, badilisha vifuko vyote.