Hawana Divai

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juzi nilikaa kikao cha nne cha harusi ya kijana wa jirani yetu. Mwekahazina alikuja na daftari la kaunta lenye safu tatu: jina, ahadi, taslimu. Safu ya ahadi imejaa. Ya taslimu ina mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Pamoja na hayo tulibishana nusu saa nzima kuhusu rangi ya vitambaa vya ukumbini, huku bwana harusi mwenyewe amekaa pembeni anachezea funguo za bodaboda yake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Niliporudi nyumbani nikafungua Yohana 2. Harusi ya Kana huwa tunaihubiri kwa ajili ya muujiza wa Yesu kugeuza maji kuwa divai, na ni haki: mabalasi sita ya mawe, yaani mitungi mikubwa, kila moja nzio mbili tatu (kipimo cha zamani), jumla yake ni kama lita 470 hadi 700. Safari hii mimi nilikwama mstari wa 3. Mariamu aliona divai imewatindikia, akasema maneno mawili tu, "Hawana divai." Akamwambia Yesu. Hakugeukia meza ya jirani. Mstari wa 9 unasema mkuu wa meza hakujua divai ile imetoka wapi. Watumishi ndio waliojua. Bwana harusi akasifiwa kwa divai njema ambayo hakuinunua. Ile aibu ilifia kwenye mabalasi.

Sisi pilau ikichelewa kufika meza za nyuma, tunamwambia nani? Kabla sinia halijafika, picha ya sahani tupu imeshawekwa kwenye status.

Hapa mtaani kuna kaka na dada wameishi pamoja miaka tisa bila kufunga ndoa, wana watoto watatu. Jumapili ya Chakula cha Bwana wao hubaki kwenye benchi, na mtoto mdogo huwauliza kwa sauti kwa nini hawaendi mbele. Nilidhani hawataki ndoa. Siku moja tukichambua mchele, yule dada akaniambia, "Mama, tunataka sana. Ila tukifunga kimyakimya watu watasema tumefulia."

Watu. Nilinyamaza, kwa sababu mwaka jana nilitoka kwenye harusi moja nikiicheka njia nzima, "ile ya soda moja moja." Na yule dada alikuwepo kwenye gari tulilorudi nalo. Sasa nimhubirie nini kuhusu kumwogopa Mungu kuliko wanadamu, wakati mwanadamu anayemwogopa ni mimi? (Boazi alimwoa Ruthu mbele ya wazee kumi langoni, na Biblia haitaji hata keki. Lakini andiko hilo ni rahisi kulisoma ukiwa umeshaolewa.)

Kikao cha tano ni Jumatano. Nimemwomba mwenyekiti anipe dakika tano kabla ya ajenda ya mapambo, nimuulize yule kijana mbele ya wote ana shilingi ngapi mkononi, tuanzie hapo.

Na yule dada nimemwambia mashahidi wameshapatikana: mimi na mzee wangu. Chai na maandazi nitapika mwenyewe. Alicheka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa Mama, sare itakuwa rangi gani?"